Chungu cha Mzee Nazari

Tangu nizaliwe naogopa askari. Hawajanifanyia kitu, ni tumbo langu tu haliwataki. Nikiona sare barabarani, hata kama mwenye sare ananunua karanga, mimi huvuka upande wa pili. Ndiyo maana waliponiomba niwe mhazini wa timu ya mpira niliuliza jambo moja tu: hiyo kazi ina mambo ya polisi? Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Polisi na mpira wapi na wapi, Mama Siwema? Basi nikakubali, mjinga mimi.

Timu yetu inaitwa Mbasa. Mbasa ni samaki mkubwa wa Ziwa Nyasa, mtamu, mwenye bei, na siku hizi ukimpata mmoja majirani wote wanajua. Kijijini kwetu huku ufukweni hatuna tajiri. Tuna usipa, dagaa wetu wa ziwa, tuna muhogo, tuna kanisa letu la Anglikana na uwanja wa mchanga nyuma yake. Timu inaishi kwa mikono ya watu. Mechi ikikaribia, vijana wanakaa kambi kwenye darasa la kanisa, na nyumba zinaleta vyungu vya chakula.

Na chungu hakiletwi ovyo. Kinakuja kimefungwa kitambaa, maana kuchungulia mwenzako kaleta nini ni ushenzi. Anayepokea ni mimi. Nakibeba hadi jikoni, nafungua peke yangu, napakua, halafu natoka nje na kutangaza kwa sauti: chungu cha fulani! Vijana wanaitikia, kimefika! Mwenye chungu huko alikokaa anasikia jina lake, moyo unatulia. Siri ya mtungi iulize kata, na kata ya kijiji chetu ni mimi.

Sasa kuna baba mkwe wangu, Mzee Nazari. Zamani alikuwa na nyavu na mitumbwi, na hakuna aliyelala njaa akiwa jirani yake. Nyavu zikachakaa, mtumbwi ukapasuka, mkewe akafariki, na mwanawe Allen, mume wangu mimi, akafariki naye kwa homa. Mzee akabaki na jina. Chakula chake cha kila siku nampelekea mimi, lakini chungu cha timu alinikataza kukipika. Hicho kitatoka kwenye jiko la Nazari, alisema, na mvuvi anajua kujipikia. Akawa anakileta mwenyewe, kimefungwa kwa kanga ya marehemu mkewe, ananikabidhi kwa mikono miwili.

Mara ya kwanza nilipokifungua nilikaa chini. Maji. Maji ya chumvi na usipa wachache wanaelea. Ningefanya nini, jamani? Nilichota vipande vya mbasa kutoka chungu cha nyumba iliyobahatika wiki ile, nikavitia ndani, nikatoka nacho nje na kukitangaza kwa sauti kuliko vyote. Vijana wakala, wakamsifu. Tangu siku hiyo kila kambi nikawa nafanya hivyo, na sikumwambia mtu, hata binti yangu Siwema. Kwetu mkwe hafunui chungu cha baba mkwe wake mbele za watu. Hata kwa maneno hafunui.

Ligi yetu ni ndogo. Inaitwa Ligi ya Bonde na Ziwa, ina timu za huku ufukweni, za bondeni, na za huko juu milimani kwenye kahawa. Zamani ilikuwa raha tu. Halafu Bwana Protasi, mnunuzi wa kahawa mwenye ghala huko juu upande wa Maguu, akaanzisha timu yake, Mibuni. Akaleta wachezaji kutoka Songea na Njombe kwa mshahara. Tulifungwa magoli ya aibu sisi wote, timu mbili zikafa kabisa. Watu wakalalamika, na kamati ya ligi ikaweka sheria: timu isitumie zaidi ya milioni mbili kwa msimu, na kila kitu kinahesabika, jezi, nauli, mishahara, chakula, mpaka zawadi. Mhazini anasaini, na akidanganya anafungiwa maisha, tena anapelekwa polisi. Niliposikia hiyo ya polisi nilitazama mlango uko wapi. Lakini sheria yenyewe ilikuwa nzuri, ilimlenga mtu tunayemjua, na mimi nilipiga makofi pamoja na wengine.

Unajua Bwana Protasi alifanyaje? Wachezaji wake wakawa walinzi wa ghala. Walinzi zaidi ya ishirini, na ghala lina mlango mmoja. Lori linalowapeleka kwenye mechi ni lori la kahawa, eti linapita tu njia hiyo. Viatu ni vya kuazima kwa rafiki. Kamati ikapokea, ikagonga muhuri, ikanywa chai. Na msimu huu, kwa neema ya Mungu na miguu ya vijana wetu, tukawafunga Mibuni kwao kuleee juu, tukawapita kwenye msimamo. Hapo ndipo malalamiko yakafika Mbinga mjini, kwenye kamati ya ligi, kwamba Mbasa wana pesa za siri.

Mkaguzi alikuja Jumapili. Bwana Steven, kijana mwenye viatu vizuri na maneno laini, akatukuta tunatoka ibadani. Akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akaisifu timu, akasifu hata upepo. Watu wakamtolea kiti. Kisha akaweka simu yake juu ya meza ya mzee wa kanisa, ikirekodi, akauliza kwa tabasamu: timu nzuri namna hii, wazee wangu, mnaitunzaje?

Mimi nilijua anachotafuta. Nilijua peke yangu, maana mimi ndiye niliyesaini karatasi inayosema Mbasa wametumia laki nane, na laki nane ilikuwa kweli. Wenzangu walisikia swali la mgeni tu. Na mgeni kutoka juu akiuliza watu wa ziwa mbele ya hadhara, mnatoa nini, nani atasema anatoa kidogo? Watu wa milimani wanatuona sisi ni wala usipa tusio na kitu. Wacha wasikie.

Akaanza jirani yangu Restituta. Huyo ukiumwa mafua, yeye ana nimonia. Akasema kila mechi anatoa debe zima la usipa. Debe! Mimi ndiye ninayepokea, ni bakuli, na bakuli lenyewe la mtoto. Aliyefuata hakukubali kushindwa na Restituta, akataja magunia ya muhogo. Mwingine akataja mafuta ya kupikia, mwingine mchele, mchele gani jamani, ulioliwa lini? Kila mmoja alipomaliza watu walipiga makofi, na kila makofi yakawa yananipiga mimi kwenye mbavu. Nikajaribu kupenya niseme neno. Bwana Steven akaniambia kwa upole niwaache wananchi waongee.

Mwisho akasimama baba mkwe. Aliegemea fimbo, akasafisha koo, akasema yeye hutoa mbuzi wawili kila mwezi, na kila mechi mbasa mmoja, tena mbasa wa kubebwa na watu wawili. Vijana wa timu ndio walioshangilia kuliko wote, maana wao kweli walikula mbasa kutoka chungu chake. Niliwalisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Nilimfuata Bwana Steven pembeni, nikamwambia hayo ni maneno ya watu kumheshimu mgeni, asiyatie kwenye hesabu. Akanitazama vizuri. Akaniuliza kama nasema wazee wangu ni waongo, kisha akaelekeza kidevu kwa Mzee Nazari, akauliza kama nasema hata yule ni mwongo. Nikaenda kumletea maji ya kunywa. Kabla hajaondoka wanawake walimpa kikapu cha usipa wakavu wa kupeleka nyumbani, akapokea na kushukuru. Kikapu hicho, nikwambie, hakikuhesabiwa popote.

Jumanne simu ikaita nikiwa natwanga muhogo. Alikuwa Mwalimu Edmund, mwenyekiti wa kamati, sauti yake kavu. Alisema kwa maneno ya wananchi wangu wenyewe, Mbasa wametumia zaidi ya milioni sita, na mimi nimesaini laki nane. Nifike Mbinga Alhamisi nijieleze. Akaongeza kwamba askari atakuwepo, ili nisikosee kuelewa uzito wa jambo. Simu ilinidondoka ndani ya kinu.

Wewe hujui woga. Nilikuwa nadhani naujua, kumbe nilikuwa nauonja tu. Nilikwenda kisimani nikarudi bila ndoo. Nilimwona mtu amevaa kaki njiani, nikajificha nyuma ya kichaka cha mihogo, na alikuwa bwana shamba. Nani atamlea Siwema nikiwekwa ndani? Yuko kidato cha pili, hana baba. Msimu uliopita mhazini wa timu moja ya bondeni alilala mahabusu kwa jambo dogo kuliko hili, na akatoka amenyamaza, mpaka leo hasemi na mtu. Nilikuwa namfikiria yule mwanamke kila nilipofumba macho.

Kijiji nacho kiliingiwa na hofu. Waliojisifu Jumapili hawakuonekana barabarani Jumatano. Restituta alikuja akalia begani kwangu mpaka gauni likalowa, lakini nilipomwomba aje Mbinga aseme kweli, kwamba debe ni bakuli, akajifuta macho. Mbele ya watu wa Maguu? aliuliza. Alisema atafikiri. Wengine walinishauri niseme tu wote wamedanganya, basi yaishe. Ningeanzia wapi? Mbasa na mbuzi wa Mzee Nazari peke yake walikuwa zaidi ya nusu ya hizo milioni. Wengine wote ningeweza kuwakana, lakini nisipomkana yeye nimekwisha. Na ushahidi wa kumkana ninao mimi tu, jikoni kwangu, ndani ya kichwa changu.

Jioni nilimpelekea chakula. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza kwamba nimeitwa na kwamba askari atakuwepo. Sikusema zaidi. Moyoni nilikuwa naomba aseme yeye, aniambie mwanangu, nenda ukaseme ukweli, nimekuruhusu. Akanawa mikono polepole. Akaniuliza lori la usipa linaondoka saa ngapi, nikamjibu, akasema tutakwenda wote. Kisha akala.

Alhamisi nilivaa suruali ya marehemu Allen ndani ya gauni, na sweta, na kanga mbili, kwa sababu niliambiwa sakafu ya mahabusu ni baridi. Nikamwonyesha Siwema ulipo unga na ulipo ufunguo. Yeye akanifunga kanga upya.

Kwenye lori nilimkuta Restituta ameshakaa, macho mekundu, hanitazami. Mzee akapandishwa mbele kwa dereva, na hapo ndipo niliona alichobeba. Chungu. Chungu chake, kimefungwa kanga ya marehemu, kwenye mapaja. Mungu wangu! Nikajua moja kwa moja: kapika. Kapika kitu cha kuwapelekea wakubwa wa kamati ili wanionee huruma, na kwao hiyo itaitwa hongo, mbele ya askari, saa hiyo hiyo. Njia yote, tulipopishana na malori ya makaa ya mawe kule Ruanda, kwenye machimbo, na vumbi jeusi likatufunika, mimi nilikuwa nawaza chungu kile. Nitamwambiaje baba mkwe asitoe zawadi yake? Tukapanda milima.

Mbinga kulikuwa na baridi ya Julai. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wa milimani na makoti yao, na mbele kabisa kwenye kiti chenye mto alikaa Bwana Protasi, anakunywa chai pamoja na wajumbe. Askari alikaa karibu na mlango. Nilimwona kabla sijaona kitu kingine. Alikuwa kijana, tena anapiga miayo, lakini pingu zilikuwa kiunoni, zinang'aa.

Mwalimu Edmund akasoma mashtaka. Bwana Steven akaiweka simu mezani, tukasikilizishwa sauti zetu wenyewe. Debe la Restituta, magunia, mafuta, makofi. Watu wa ukumbini wakaguna. Ilipofika sauti ya Mzee Nazari na mbasa wake wa kubebwa na watu wawili, mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mwalimu Edmund akazima simu na kunigeukia.

"Mama Siwema, mzee huyu alisema hutoa mbuzi wawili kila mwezi na mbasa kila mechi. Ni kweli au si kweli?"

Si kweli. Maneno mawili tu, nikiyasema narudi kwa binti yangu. Yalikuwa pale mdomoni, yananiwasha. Sikumtazama mzee, mkwe hamtazami baba mkwe usoni, lakini niliona viatu vyake. Alikuwa amevipaka mafuta ya kupikia ili ving'ae. Nikiyasema maneno yale, ukumbi mzima wa watu wa kahawa utajua kwamba Nazari wa ziwani hana kitu, na atakayekuwa amemvua nguo ni mke wa marehemu mwanawe.

"Sijui, mwenyekiti," nikasema.

Akauliza mhazini asiyejua ni mhazini wa namna gani. Akatazamana na wajumbe, akaandika kitu, akamtazama askari. Yule kijana akainuka. Nilisikia pingu zikigongana. Nikashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, na nakuambia bila kuficha, nililia kwa sauti, mtu mzima mimi.

"Mwanangu, kaa kwanza," alisema Mzee Nazari.

Alimwambia askari, si mimi. Na yule kijana, sijui kwa malezi ya kwao, akakaa. Mzee akajongea hadi mezani na fimbo yake, akakiweka chungu mbele ya Mwalimu Edmund, akaanza kufungua fundo la kanga. Nikataka kupiga kelele asitoe. Vidole vyake vilichelewa, fundo lilikuwa limekaza. Hakuna aliyemsaidia. Akaiondoa kanga, akaikunja, akaitia mfukoni. Akamsogezea mwenyekiti chungu kikiwa wazi, akamwomba aangalie na awaambie watu kuna nini.

Mwalimu Edmund akaangalia. Akakiinamisha kidogo, akaangalia tena. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, ni maji na usipa kidogo.

"Hicho ndicho ninachotoa," alisema mzee. "Mbuzi sina. Mbasa sijamshika tangu mtumbwi wangu upasuke. Chungu hiki kilikuwa kinarudi kwangu na miiba ya mbasa ndani, na mimi sikupika mbasa. Nikajua. Mkwe wangu amenifunika siku zote hizi, na leo alikuwa tayari kufungwa kuliko kunifunua. Basi nimejifunua mwenyewe. Mwacheni aende kwa mtoto wake."

Alijua! Siku zote hizo alijua. Alikuwa anapokea chungu chake, anaikuta ile miiba, anaosha, ananyamaza, na mimi nanyamaza, kila mmoja akimstahi mwenzake. Nilijifunika uso kwa kanga kwa sababu sikuweza kumtazama, na safari hii si kwa ajili ya adabu.

Restituta naye akasimama, akasema debe lake ni bakuli, na si kila mechi. Mtu mmoja wa milimani akacheka, mwenzake akamkanya. Wajumbe wakainamiana, wakaondoa mbuzi, wakaondoa mbasa, wakaondoa debe, na ikaonekana hata wakihesabu yale magunia na mafuta ya watu ambao hawakuja, Mbasa hawajafika milioni mbili. Mwalimu Edmund akatangaza kwamba mhazini hana kosa. Askari akatoka nje kutafuta jua.

Ungedhani yameishia hapo. Bwana Steven akainua mkono. Alisema wananchi wa Mbasa wamekiri wenyewe, hapa ukumbini, kwamba walimdanganya mkaguzi, na kumdanganya mkaguzi ni kosa katika sheria. Wajumbe wakainamiana tena. Tukanyang'anywa pointi tatu. Mzee alikuwa bado amesimama, anahangaika kukiinua chungu bila kumwaga.

Hapo Restituta, ambaye nilimsema sana humu ndani na nitaendelea kumsema, akauliza kitu ambacho mimi kwa woga nisingethubutu. Aliuliza kama Bwana Protasi naye ataulizwa anatoa nini. Mwalimu Edmund akakunja uso, akasema hilo limo tayari katika karatasi za Mibuni, lakini kama Bwana Protasi angependa kusema neno, karibu. Bwana Protasi hakusimama hata. Akaweka kikombe chini.

"Mimi ni mpenzi wa mpira tu," alisema. "Sijatoa kitu."

Akacheka kidogo, wajumbe wakacheka naye, na likaandikwa hivyo. Hakuna aliyeweka simu mezani kumrekodi. Hakuna aliyeuliza walinzi zaidi ya ishirini wanalinda mlango upi. Nikatazama namna neno lile lilivyomtoka kirahisi. Tajiri akisema hajatoa kitu hapungukiwi na chochote, anarudi kwenye chai yake. Neno hilo hilo lilimgharimu Mzee Nazari kila alichobaki nacho. Wanatuuliza wote swali moja, umetoa nini, na sisi kwa aibu tunajibu kwa kuongeza, matajiri kwa ujanja wanajibu kwa kupunguza, halafu wanakamatwa walioongeza. Hiyo ndiyo haki ya ligi yetu. Nilikasirika mpaka woga ukanitoka kwa muda, halafu nikamwona askari dirishani, ukarudi.

Safari ya kurudi mzee alilala, au alijifanya amelala. Mimi nilikuwa huru, na bado nimevaa suruali ya Allen ndani ya gauni. Mibuni walichukua kombe msimu ule kwa pointi moja, kama unataka kujua.

Lakini kilichoniuma si kombe. Kambi iliyofuata, vyungu havikuja kama zamani. Watu waliogopa. Wengine walileta gizani, wakaviacha nyuma ya jiko na kuondoka bila kusema ni vya nani. Walinikataza nisitangaze majina. Mwanamke mmoja aliniambia, Mama Siwema, ukiulizwa sema sijatoa kitu, na alisema hivyo huku ananipa muhogo mkononi. Vijana walikaa darasani wakisubiri kuitikia, na hakukuwa na cha kuitikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nafunga mlango wa jiko kwa ndani, na gari lolote likipita nazima moto.

Jua likiwa bado juu, nikasikia fimbo. Mzee Nazari alikuwa anakuja katikati ya uwanja, polepole, watu wote wakimwona, na chungu chake mikononi. Hakikuwa na kanga. Hakikuwa na kifuniko. Watoto waliokuwa wakicheza walisogea wakachungulia ndani, na yeye aliwaacha wachungulie. Alipofika kwangu akakishika kwa mikono miwili, akanikabidhi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akanitazama machoni, nami nikamtazama.

Niliona maji, na usipa wachache. Sikuingia nacho jikoni na sikuongeza kitu. Nilisimama pale pale nje na tumbo langu linalouma, nikatangaza kwa sauti yangu yote, chungu cha Mzee Nazari. Vijana wakatoka nje mmoja mmoja, wakaitikia, kimefika, na wakaanza kula hicho hicho.